Gari lililolala nyuma lataka kipimo, si msumeno

Hakuna mkazi wa mji wowote mkubwa nchini Kenya ambaye hajapata kuliona gari dogo lililoshushwa likipita, tumbo lake likikaribia kulamba lami, nusu ya magurudumu imemezwa na bodi, na kijana aliyeshika usukani akijiona mfalme wa barabara. Safu hii haikukusudia kumcheka kijana huyo. Kila kizazi kina mapambo yake, na baadhi ya wazee wanaomkemea leo ndio waliovaa suruali za bugaluu zilizofagia vumbi la mitaa katika miaka ya 1970. Tunalotaka kulijadili ni jambo linaloonekana dogo lakini lenye uzito: ile sehemu ya nyuma ya gari ambayo, baada ya springi fupi kutiwa, huzama kuliko ya mbele, na njia zinazotumiwa kuirekebisha.

Huenda mwalimu au mwanafunzi akajiuliza haya yanamhusu nini, ilhali yeye hana gari wala gereji. Yanamhusu sana. Ndani ya springi hiyo mna somo ambalo tumekuwa tukilifundisha kwa miongo mingi bila ya kulifikisha linakohitajika, na upungufu huo unalipiwa barabarani na watu wasioujua.

Majuma machache yaliyopita, mwandishi wa makala haya, ambaye alifundisha fizikia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, aliabiri gari la mpwa wake kwenda mashambani kwa mazishi ya jamaa. Gari hilo lilikuwa limetiwa springi za kushusha miezi miwili awali. Likiwa tupu lilipendeza, ijapokuwa lilikuwa limelala kidogo upande wa nyuma. Watu wazima watatu walipoketi kiti cha nyuma na mizigo ikapakiwa kwenye buti, lilielekeza pua mbinguni mithili ya mbwa aliyechutama. Kila tuta tulilolivuka lilitupiga mgongoni. Giza lilipoingia, madereva waliotukabili walituwashia taa kali kwa hasira, wakidhani tumekataa kupunguza mwanga, kumbe taa zetu zilikuwa za chini tangu machweo.

Tuliporejea, tulilipeleka gari kwa fundi wa jua kali. Fundi mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi, aliinama, akatazama, akatoa hukumu.

"Mzee, hii ni kazi ya dakika chache tu," aliniambia. "Nyuma imelala. Kwa hivyo tunakata springi za mbele duru moja moja, na gari lote linakuwa sawa."

Mpwa wangu alitikisa kichwa kukubali. Grainda ilikuwa tayari mkononi mwa fundi. Nikamwomba asubiri kidogo, nikamuuliza kama alikuwa na utepe wa kupimia.

Hebu tumwache fundi huyo akiutafuta utepe wake, tuangalie kwanza kinachotendeka chini ya gari.

Springi, au kamani kama inavyoitwa na baadhi ya wazungumzaji, ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuliachia gurudumu nafasi ya kupanda na kushuka. Springi ya kushusha ni fupi kuliko ile ya asili, na kwa kawaida huwa ngumu zaidi. Ufupi ndio unaoteremsha bodi. Ugumu hutiwa makusudi, ili gari lililopunguziwa nafasi ya kubonyea lisifike mwisho wa nafasi hiyo upesi. Mwisho wenyewe una kizuizi cha raba, ambacho kazi yake ni kupokea pigo la dharura, wala si kubeba gari safari nzima.

Kanuni inayotawala haya yote ina umri wa zaidi ya miaka 300. Mwingereza Robert Hooke, aliyezaliwa mwaka wa 1635, alikuwa na wivu mkubwa na ugunduzi wake, hata mnamo 1676 akauchapisha kwa herufi alizozichanganya ili asiibiwe, na kuufichua waziwazi mwaka wa 1678. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kadiri nguvu inavyozidi ndivyo springi inavyonyooka au kubonyea zaidi kwa uwiano ule ule, mradi kikomo cha unyumbufu wake hakijapitwa. Chini ya mfumo wa 8-4-4, kanuni hii ilikuwa mada ya Kidato cha Pili. Mwanafunzi alining'iniza mawe ya mizani kwenye springi ndogo, akachora grafu ya mstari ulionyooka, akapata alama zake, kisha akafunga daftari.

Sasa tuifungue daftari hiyo tena. Tuseme kwamba, tukipima kwenye gurudumu, springi ya nyuma ya asili hubonyea milimita 1 kwa kila nyutoni 20, na springi ya kushusha hubonyea milimita 1 kwa kila nyutoni 26. Abiria watatu wenye kilo 70 kila mmoja, pamoja na mizigo ya kilo 40, ni kilo 250, yaani nyutoni 2,500 hivi. Tuseme pia kwamba nyutoni 2,000 kati ya hizo huangukia magurudumu ya nyuma, 1,000 kila upande. Springi ya asili itabonyea milimita 50. Ile ngumu itabonyea milimita 38. Hadi hapo, aliyeshusha gari anaweza kushangilia.

Lakini tuhesabu nafasi iliyobaki. Tuseme gari la asili lina milimita 80 kabla ya kugusa kizuizi cha raba. Likishabeba abiria hao, linabakiwa na milimita 30. Gari lililoshushwa kwa milimita 35 huanza safari likiwa na 45 tu. Likitoa 38 za abiria, linabakiwa na milimita 7, ambazo ni unene wa penseli. Gari la familia nzima linategemea penseli moja kuvuka tuta! Na hiyo ni hali ya gari lililoshushwa kwa kipimo kilichokusudiwa na mtengenezaji wa springi. Likizama zaidi ya hapo upande wa nyuma, hata hiyo penseli haipo. Ndiyo sababu tulipigwa migongo njia nzima.

Madhara hayaishii kwenye migongo ya abiria. Tuchukue taa za mbele. Taa za chini huelekezwa ardhini kidogo, takriban sentimita 1 kwa kila mita ya umbali, ili mwanga usimfikie machoni dereva anayekuja. Kwa gari ambalo ekseli zake zimetengana kwa mita 2.5, nyuma ikizama kuliko mbele kwa milimita 30 zaidi ya ilivyokusudiwa, gari lote huinama kwa uwiano wa 30 kwa 2,500, yaani sentimita 1.2 kwa kila mita. Mwinamo wote wa taa umefutwa, na ziada imebaki. Kwa umbali wa mita 50, mwanga umepanda sentimita 60 kutoka pale ulipostahili kutua, kabla hata abiria hawajaingia. Baadhi ya magari yana kiduara kidogo karibu na usukani cha kuteremshia taa gari linapobeba mzigo, lakini kiduara hicho kina mwisho wake, na madereva wengi hawajui kwamba kipo. Mwenye gari hilo haoni ubaya wowote. Anayeuona ni mwendesha bodaboda anayemkabili usiku, ambaye kwa sekunde mbili tatu haoni tuta, shimo wala mtoto anayevuka.

Breki nazo zina habari yake. Magari kadhaa ya zamani, na hasa yale ya kubeba mizigo, yana vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Vali hiyo haina mizani. Hupima mzigo kwa kuangalia kimo tu. Nyuma ikishuka, hudhani gari limepakiwa, na hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likishushwa bila ya vali kurekebishwa, limedanganywa. Siku dereva atakapokanyaga breki kwa ghafla kwenye lami iliyolowa, gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kabla ya yale ya mbele, na gari likageuka huku na huku kama pia. Kinyume chake pia ni kweli: anayeinua nyuma ya pikapu yake kupita kiasi huiambia vali kwamba hakuna mzigo, na hujinyima breki anazozihitaji.

Kwa magari ambayo kila gurudumu la nyuma lina mkono wake, kushuka kwa bodi kwa kawaida huinamisha magurudumu, vichwa vyake vikiingia ndani, na tairi hulika ukingo wa ndani ambao mwenyewe haangalii. Huja akagundua siku nyuzi za chuma zimeshatokeza.

Kwa hivyo kimo cha nyuma si pambo. Ni tarakimu moja ambayo springi, breki, taa na tairi zimekubaliana juu yake. Manahodha wa majahazi ya Pwani waliyajua haya bila ya grafu. Nahodha hakutweka tanga kabla ya kuona shehena imepangwaje, kwani chombo kilicholemewa upande wa tezi huinua omo, hukataa usukani, na huingiza maji mawimbi yakija kwa nyuma. Dawa yake haikuwa kulipunguza omo kwa msumeno. Alihamisha magunia.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye msumeno wa fundi wetu. Kukata springi ni ugonjwa uliozagaa, na wengi huuona kuwa ni ujanja. Springi yenye duru 6 zinazofanya kazi, ikikatwa moja, hubakiwa na 5, na ugumu wake huongezeka kwa uwiano wa 6 kwa 5, yaani asilimia 20. Imekuwa fupi na ngumu kwa mkupuo mmoja, kwa kiasi ambacho hakuna aliyekichagua. Ncha iliyokatwa huenda isikae vyema kwenye kikalio chake. Gari likiinuliwa na gurudumu likaning'inia, springi fupi mno inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Wako pia wanaoiunguza kwa moto wa gesi hadi ikalegea na gari likashuka. Hao wameua chuma chenyewe, kwa kuwa unyumbufu wa springi hutokana na jinsi chuma chake kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na moto wa gereji huufuta. Zaidi ya yote, duru iliyokatwa hairudi. Skrubu iliyozidishwa hurudishwa nyuma. Springi iliyokatwa hutupwa.

Sasa turudi gerejini. Utepe ulipatikana. Tulilisukuma gari hadi mahali penye sakafu ya saruji iliyosawazika, tukahakikisha tairi zina upepo unaotakiwa, tukaondoa kila kitu kisicho cha gari. Hatukupima kutoka ardhini, kwa sababu tairi yenye upepo mdogo hudanganya. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pembe zote nne. Mbele tulipata milimita 340 kulia na kushoto. Nyuma tulipata 312 kushoto na 308 kulia. Kwa bahati njema, hapo gerejini palikuwa na gari jingine la aina hiyo hiyo ambalo halijaguswa. Lenyewe lilisoma 375 kote. Kwa hivyo springi mpya zilikuwa zimeshusha mbele kwa milimita 35, kama ilivyoandikwa kwenye kasha lake, lakini nyuma ilikuwa imeshuka kwa 63 na 67. Swali lilikuwa limebadilika. Hatukuuliza tena namna ya kuifanya mbele ifanane na nyuma, bali milimita 30 za nyuma zilikuwa zimekwenda wapi.

Fundi alifungua buti. Mlikuwa na sanduku la spika lenye kilo 30 hivi, ambalo mpwa wangu alikuwa amelisahau kwa mazoea. Chini ya zulia la buti, ndani ya mfuko wa nailoni, mlikuwa na vipande viwili vya raba vyenye unene wa milimita 10. Vilikuwa vikalio vya juu vya springi za nyuma. Aliyezitia springi mpya alivitoa, hakuvirudisha, na pengine alidhani ni uchafu wa kizamani.

"Hizi raba zitarudisha milimita kumi," fundi akasema.

"Zitarudisha zaidi," nilimjibu, na nikamwonyesha springi ilipokaa.

Katika gari hilo, springi ya nyuma haikai juu ya gurudumu. Inakaa katikati ya mkono wa chuma, kwa umbali wa kama sehemu 7 kati ya 10 kutoka kwenye bawaba hadi kwenye gurudumu. Hiyo ni nyenzo, ile ile ya mada ya momenti darasani. Ukisogeza springi kwa milimita 10, gurudumu husogea kwa 10 kugawanya kwa 0.7, yaani 14 na ushei. Kwa magari ambayo springi imezunguka shokamzoba iliyosimama kando ya gurudumu, hesabu hukaribia moja kwa moja. Asiyejua tofauti hii hupandisha na kuteremsha gari siku nzima bila ya kulipata, akaishia kuilaumu springi.

Raba zilirudishwa. Sanduku la spika likatolewa, nalo, kwa kilo zake 30 juu ya magurudumu mawili, likarudisha milimita 6 nyingine. Tulipopima tena, nyuma ilisoma 332 kushoto na 328 kulia. Zilibaki milimita 8 upande mmoja na 12 upande wa pili. Mpwa wangu alinunua vikalio vya chini vyenye skrubu, ambavyo vikifungwa hadi mwisho huwa na unene sawa na vile vya asili. Kila mzunguko mmoja wa skrubu ulikuwa na milimita 2, ambazo kupitia ile nyenzo ni karibu 3 kwenye gurudumu. Fundi alichukua kipande cha chaki, akaandika sakafuni, akafuta, akaandika tena, kisha akainua kichwa.

"Mizunguko mitatu kushoto, minne kulia," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Gari liliinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya vigingi vya chuma, kwani hakuna kipimo kinachostahili mtu kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Bolti za mikono zililegezwa. Gari liliposhushwa, tulilisukuma mbele na nyuma mara kadhaa ili magurudumu yakae mahali pake, na hapo ndipo bolti zilipokazwa, gari likiwa limesimama kwa uzito wake wenyewe. Zikikazwa gurudumu likining'inia, raba zake hujipinda na kukisukuma kimo upande mmoja hadi zitakapochanika. Utepe ulisoma 340 kushoto na 339 kulia. Kilichobaki kilikuwa kuzipeleka taa na magurudumu yakapimwe mwelekeo, na kurudi baada ya juma moja kupima tena, maana springi na raba hutulia zikishatumika.

Fundi alifurahi kuliko mwenye gari. Alipogundua kwamba nimewahi kuwa mwalimu, alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwalimu, hiyo kanuni ya Hooke mimi naikumbuka," aliniambia. "Niliacha shule Kidato cha Pili, karo ikatushinda. Lakini hiyo tulikuwa tumeifanya. Niliikariri nikaipita. Mbona hakuna aliyetuambia kwamba ilikuwa ikizungumza habari za gari?"

Sikuwa na jibu. Huenda si mimi niliyemfundisha, lakini nimewafundisha wengi kama yeye kwa namna ile ile. Niliwapa mawe ya mizani, springi ya urefu wa kidole, na swali la mtihani. Sikuwahi kuwavusha barabara hadi kwenye gereji iliyokuwa mkabala na lango la shule. Fundi huyu amekata springi za watu kwa miaka kumi akiwa na dawa yake kichwani, imefungwa kama zile herufi za Hooke zilizochanganywa.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kupiga marufuku springi za kushusha. Safu hii haikubaliani nao. Nchini Ujerumani, ambako mchezo wa kushusha magari umeenea, springi hizo huuzwa pamoja na hati inayoeleza zinafaa gari gani, na kazi hukaguliwa. Japani, yanakotoka mengi ya magari yaliyotumika yanayoingia nchini mwetu, ukaguzi hudai kwa kawaida nafasi isiyopungua sentimita 9 kati ya gari na ardhi. Huko hawakuua pambo, walilitia kipimo. Wapo pia watakaosema barabara zetu hazistahili gari fupi, na hapo wana hoja. Joginder Singh, Mkenya aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1965, 1974 na 1976, alishinda kwa magari yaliyotengenezewa mawe na matope, si kwa yaliyolamba lami. Anayeishi mwisho wa barabara ya mashimo na akashusha gari lake anapigana na jiografia. Lakini hata yule anayeinua gari lake kwa kutia vipande vya raba au alumini juu ya springi, kama wafanyavyo Wakenya wengi wakishanunua gari dogo, anabadilisha tarakimu ile ile. Yeye pia anahitaji utepe, na yeye pia anapaswa kukagua taa, breki na mwelekeo wa magurudumu.

Wapo, hatimaye, watakaolalamikia gharama. Kwa kweli vikalio vya skrubu na kupima magurudumu vina bei, na kijana aliyejinyima hadi akanunua springi huenda hakuweka akiba ya ziada. Lakini tazama kilichotokea kwa mpwa wangu. Sehemu kubwa ya kasoro iliondolewa kwa raba zilizokuwa kwenye mfuko na sanduku lililotolewa kwenye buti. Utepe ulikuwa bure. Kukata springi za mbele kungemgharimu springi mbili mpya na, kwa kuwa gari zima lingekuwa limezama kwa milimita 65, pengine na bampa pia.

Kwa hivyo tunatoa wito huu. Kwanza, kwa walimu wenzetu: mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya 8-4-4 unadai mwanafunzi atende anachokijua. Basi mpelekeni gerejini. Muombeni fundi aliye jirani awaruhusu wanafunzi kupima pembe nne za gari likiwa tupu, kisha walimu wanne waketi nyuma, kisha lipimwe tena. Hapo ugumu wa springi utapatikana kwa hesabu ya kweli, na fundi naye atakuwa amehudhuria darasa alilolikosa. Hakuna maabara ya shule isiyoweza kumudu utepe mmoja.

Pili, kwa wanafunzi: msiseme tena kwamba fizikia ni somo la kupitia mtihani. Wengi wenu mtamiliki gari au pikipiki, na baadhi yenu mtakuwa mafundi. Siku mtu atakapowaambia kwamba ni kazi ya dakika chache, ulizeni imepimwa wapi na imeandikwa wapi.

Tatu, kwa wale wenye dhamana ya usalama barabarani: popote magari yanapokaguliwa, kimo cha pembe nne na mwelekeo wa taa viangaliwe pamoja, na springi iliyokatwa au kuunguzwa ikataliwe. Dereva anayewapofusha wenzake usiku kwa sababu gari lake limelala nyuma si mkaidi kila mara. Mara nyingi hajui.

Juzi nilipita tena kwenye gereji ile. Gari jingine lilikuwa limeletwa, limelala nyuma kama la mpwa wangu. Grainda ilikuwa imening'inia ukutani. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu akiwa na utepe, na kijana anayemsaidia, aliyevaa bado shati la sare ya shule, alikuwa akiandika tarakimu nne kwenye jalada la daftari.